Kiwiko kilichopasuliwa: lini mtoto arudi kurusha mkuki?

Mtoto amerudi kutoka Moshi. Mkono umekunjwa kwenye kiwiko, umefungwa, umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Daktari amesema upasuaji umekwenda vizuri. Umepewa dawa za maumivu, karatasi yenye tarehe ya kurudi kliniki, na maelezo uliyoyasikia nusu kwa sababu ulikuwa umechoka na safari. Sasa mmefika nyumbani, tuseme ni Mamba, Vudee au Hedaru, na kabla hata ya kuvua viatu mtoto anauliza: "Mama, nitarusha lini tena?"

Jibu la kweli ni kwamba atakaa karibu mwaka mzima kabla ya kurudi kwenye mashindano, na kwa mrusha mkuki mara nyingi zaidi ya mwaka. Piga hesabu uone. Akipasuliwa mwezi wa nane, miezi kumi inaishia mwezi wa sita mwaka unaofuata, wakati shule zinapojiandaa kwa UMISSETA. Kwa macho ataonekana amepona kabisa. Mkono utanyooka, kovu litakuwa limekauka, na atakuwa anaandika na kufua bila shida. Ndani ya kiwiko, lakini, kazi itakuwa haijaisha. Huo ndio wakati wazazi wengi hushindwa kusema hapana, na ndiyo sababu ya makala hii.

Ni kitu gani kilichokatika?

Kwenye kiwiko, ambacho wengine hukiita kisugudi, mifupa mitatu inakutana: mmoja wa mkono wa juu na miwili ya kigasha. Mifupa hiyo inafungwa pamoja na kano ngumu ambazo wahudumu wa afya huziita ligamenti. Zifikirie kama kamba za katani zinazofunga fito za ukuta. Fito ni imara, lakini kamba zikilegea ukuta unayumba.

Mwambie mtoto asimame, mikono ikining'inia na viganja vikitazama mbele. Upande wa kiwiko ulio karibu na ubavu ndio upande wa ndani, na kano tunayoizungumzia iko hapo. Mtu anaporusha mkuki, kifua hutangulia na mkono hubaki nyuma, kisha mkono hufuata kwa kasi kubwa. Katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kiwiko hutaka kufunguka upande wa ndani, na kano hiyo ndiyo inayokizuia. Akirusha mara chache kwa mtindo mzuri, kano inastahimili. Akirusha kila jioni kwa wiki nyingi, akiwa amechoka, mkono ukipita pembeni badala ya kupita juu ya bega, nyuzi zake huanza kuchanika moja moja. Wengine husikia mlio siku moja, "ta!", na mkuki ukaanguka karibu. Wengine hawasikii chochote. Wanaona tu kwamba umbali unapungua, na kiwiko kinauma upande wa ndani kila wanaporusha.

Mkuki ndio mchezo unaoiumiza zaidi kano hii hapa kwetu. Tufe husukumwa kutoka shingoni, na kisahani huzungushwa mkono ukiwa umenyooka, kwa hiyo mzigo wake kiwikoni ni tofauti. Mpira wa mikono na wavu nao huweza kuleta shida. Kuanguka kutoka kwenye mti wa parachichi ni jambo jingine. Kiwiko kikiteguka kwa kuanguka, kano nayo huchanika, lakini mara nyingi ikirudishwa mahali pake vizuri hospitalini hupona bila kupasuliwa.

Jambo moja kwa mama mwenye mtoto wa shule ya msingi. Kwa mtoto ambaye bado anakua, mfupa una sehemu laini ya kukulia, na sehemu hiyo ni dhaifu kuliko kano. Akirusha kupita kiasi, kinachoachia kwanza kwa kawaida ni kipande cha mfupa pale kano inaposhikilia, na kano yenyewe hubaki nzima. Matibabu yake ni tofauti: kupumzika, wakati mwingine POP, na mara nyingine skrubu ya kushikiza mfupa. Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi na mbili anayelalamika kiwiko baada ya mazoezi ya UMITASHUMTA apigwe picha ya eksirei. Usikubali kuambiwa kwamba ni misuli tu, atazoea.

Daktari alifanya nini?

Kano hii ikikatika kabisa, kuishona tu mara nyingi hakutoshi kwa mtu anayetaka kurudi kurusha. Daktari huchukua ukano kutoka sehemu nyingine ya mwili wa mtoto mwenyewe, hutoboa vijitundu kwenye mifupa ya kiwiko, na kuupitisha humo uwe kano mpya.

Aliyebuni upasuaji huu ni daktari wa Marekani, Frank Jobe. Tarehe 25 Septemba 1974 alimpasua mchezaji wa besiboli aitwaye Tommy John, ambaye kano yake ilikuwa imekatika miezi miwili kabla. Jobe alimwambia kwamba nafasi ya kurudi uwanjani ilikuwa moja kati ya mia. Tommy John alikaa nje msimu wote wa 1975, akarudi mwaka 1976, na akaendelea kucheza hadi 1989, akiwa na umri wa miaka 46. Mpaka leo upasuaji huu unaitwa kwa jina lake. Ukimsikia daktari akilitaja jina hilo, ujue anazungumzia kiwiko cha mwanao.

Ukano unaochukuliwa mara nyingi hutoka kwenye kigasha. Unaweza kuutafuta kwako mwenyewe sasa hivi. Gusanisha ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole kidogo, kisha kunja kifundo cha mkono kidogo kuelekea kwako. Ukiona uzi umesimama katikati ya kifundo, ndio huo. Wengine wamezaliwa bila huo uzi na mikono yao ina nguvu kama ya mtu mwingine yeyote. Ndiyo sababu mtoto hatakosa kitu kwa kuondolewa wake. Asipokuwa nao, daktari huchukua ukano mwingine, kwa mfano wa pajani. Basi usishtuke ukikuta kovu la pili mbali na kiwiko.

Jambo la kuelewa vizuri kuliko mengine yote ni hili. Ukano uliohamishwa ni kama mche ulioung'oa kitaluni ukaupanda shambani. Kwanza hunyong'onyea, kwa sababu mishipa yake ya damu imekatwa. Halafu mishipa mipya huingia polepole, na nyuzi zake hujipanga upya zifanane na kano halisi. Maana yake ni kwamba katika mwezi wa tatu, wakati maumivu yameisha na mtoto anaanza kurukaruka, kano mpya bado haijakomaa. Maumivu yanaisha mapema kuliko kazi ya ndani. Kwa hiyo usitumie maumivu kama kipimo cha kupona.

Miezi inavyopita

Siku kumi hadi kumi na nne za mwanzo ni za kidonda. Kiwiko hakikunjwi wala kunyooshwa, bali vidole vichezeshwe kila saa mtoto akiwa macho: afumbe ngumi, afumbue. Akilala, mkono uwe juu ya mto au khanga zilizokunjwa, juu zaidi ya kifua, ili uvimbe upungue. Bandeji isilowe. Akioga, funga mfuko wa plastiki juu yake.

Nyuzi zikishatolewa, mtoto huvalishwa kifaa chenye bawaba au huendelea na kombeo, na huanza kukunja na kunyoosha kiwiko kidogo kidogo kwa mipaka aliyowekewa. Kwa kawaida kufikia wiki ya sita mkono huwa umekaribia kunyooka. Asiponyooka kufikia hapo, mwambie mtaalamu wa fiziotherapia, na usijaribu kuunyoosha wewe.

Kuanzia wiki ya sita hivi huja mazoezi ya nguvu, na huanza kwa uzito mdogo sana. Chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa ina uzito wa nusu kilo, na hiyo inatosha kuanzia. Mazoezi hayaishii kwenye mkono. Bega, mgongo, tumbo na miguu navyo vimo, kwa sababu nguvu ya kurusha mkuki huanzia mguuni. Mtoto mwenye miguu na kiuno dhaifu hulazimisha kiwiko kifanye kazi ya mwili mzima, na huenda hilo ndilo lililomfikisha hapa. Kukimbia kwa taratibu huruhusiwa mapema kuliko kurusha. Mpe nafasi hiyo, maana mtoto aliyezoea uwanja akifungiwa ndani miezi minne huwa mgumu kuishi naye.

Katika mwezi wa nne au wa tano, kama mkono umenyooka, hauna maumivu na daktari ameridhika, ndipo huanza kurusha. Harushi mkuki. Anarusha mpira mdogo mwepesi, kwa mtu aliyesimama mita kama kumi na tano, kwa utaratibu wa siku moja ya kurusha na siku moja ya kupumzika. Mipango mingi huanza na mitupo 25 ya upole, kupumzika, kisha mingine 25. Umbali huongezwa kwa hatua. Kiwiko kikiuma, anarudi hatua moja nyuma na kukaa hapo mpaka kitulie. Mkuki wenyewe husubiri hadi mwezi wa saba, wa nane au wa tisa, kwanza kwa kusimama mahali pamoja bila kukimbia. Uzito nao una maana: wavulana wa chini ya miaka 18 hurusha mkuki wa gramu 700 na wasichana gramu 500, wakati ule wa wanaume wakubwa ni gramu 800 na wa wanawake 600. Shule yenye mkuki mmoja tu, ule mzito, isimpe mtoto huyu huo huo kwa kuwa hakuna mwingine.

Nyumbani ndipo kano inapoponea au kuharibikia

Mtoto wa Upareni hafanyi mazoezi uwanjani tu. Huchota maji, hupalilia tangawizi, hukata kuni, huvuta mbuzi kwa kamba, na hutupia ngedere mawe mahindi yakikaribia kukomaa. Kati ya hayo, jiwe la ngedere ndilo baya kuliko yote. Mtoto anaweza kujizuia miezi mitano asishike mkuki, kisha siku moja, kwa hasira ya mahindi kuliwa, akatupa jiwe kwa nguvu zake zote bila hata kufikiri. Kama zamu ya kulinda shamba ni yake, mpe mtu mwingine msimu huo, au apige debe.

Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Kuibeba kichwani pengine si shida, shida ni kuipandisha na kuishusha. Jembe na shoka havifai katika miezi ya mwanzo, na utamuuliza mtaalamu wa mazoezi lini virudi. Asijisukume kwa mkono huo anapoinuka kitandani. Katika wiki za mwanzo asipande bodaboda kwenye barabara za kushuka kutoka milimani, maana pikipiki ikirusha tairi mtu hushika kwa mkono wowote alio nao. Kwenye gari, mkono uliopasuliwa usiwe upande wa mlango.

Sasa suala la kukanda. Najua bibi atakuja na maji ya moto na mafuta, na atafanya hivyo kwa upendo. Mwachie mabega na shingo ayakande, yatafurahi. Kiwiko asikiguse. Kiwiko kina tabia mbaya kuliko viungo vingine. Kikikandwa kwa nguvu au kunyooshwa kwa lazima baada ya kuumia, damu huvujia kwenye misuli na mfupa unaweza kuota pale pasipotakiwa, na baada ya hapo mkono haunyooki tena. Kuna watoto waliokwenda kwa fundi wa mifupa wakiwa na kiwiko kinachouma wakarudi na kiwiko kigumu kama kuni. Ukibanwa na wazee, sema ni amri ya daktari. Ni kweli, na inamwondolea kila mtu lawama.

Chakula si cha ajabu. Makande yenye maharage ya kutosha, mayai, dagaa, maziwa, parachichi na mboga za majani vinatosha kujenga kano. Dawa za maumivu zifuate karatasi ya hospitali. Usinunue diklofenaki dukani kwa ajili ya kumwezesha mtoto kufanya mazoezi. Dawa hiyo itaficha kile ambacho kiwiko kinajaribu kukuambia.

Rudi hospitali bila kusubiri tarehe

Mpeleke siku hiyo hiyo, hata usiku, vidole vikiwa baridi, vimepauka au vimebadilika rangi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, hasa yakiwa makali anaponyooshewa vidole. Bandeji inaweza kuwa imebana na kuzuia damu, na hapo saa chache zina maana kubwa. Homa, usaha, kidonda chenye joto au harufu navyo havisubiri kliniki.

Ganzi kwenye kidole cha pete na kidole kidogo inahitaji maelezo zaidi. Mshipa wa fahamu wa vidole hivyo hupita nyuma ya ule mfupa wa ndani wa kiwiko. Ni ule unaokupiga kama shoti ya umeme ukijigonga mezani. Wakati wa upasuaji mshipa huo huguswa, kwa hiyo ganzi kidogo katika siku za mwanzo hutokea na mara nyingi huisha yenyewe. Ikizidi, au mtoto akishindwa kutanua vidole na kushika kalamu, mwone daktari mapema.

Kwa anayeishi milimani, hatua ya kwanza inaweza kuwa zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Wilaya ya Same, au hospitali ya Gonja kwa walio upande huo. Wao watampa rufaa kwenda KCMC ikihitajika. Beba karatasi ya upasuaji kila unapokwenda, kwa sababu mhudumu asiyejua ni kano gani iliyopandikizwa anaweza kunyoosha kile kilichokatazwa kunyooshwa.

Nauli ya kwenda Moshi na kurudi, mara kwa mara, ni mzigo, na hapa ndipo wengi huacha fiziotherapia katikati. Mweleze mtaalamu mapema kwamba huwezi kuja kila wiki. Mwombe akufundishe wewe mazoezi ya nyumbani, na umwombe ruhusa urekodi kwa simu mtoto akiyafanya mbele yake. Uliza kama kuna mtaalamu wa mazoezi karibu zaidi na nyumbani, na kama bima mliyo nayo inalipia mazoezi au upasuaji peke yake. Kwenda mara moja kwa mwezi ukiwa umefanya mazoezi kila siku ni bora kuliko kwenda kila wiki bila kufanya kitu nyumbani.

Je, atarudi alivyokuwa?

Kati ya wanamichezo wa Marekani waliofuatiliwa baada ya upasuaji huu, wengi wao wachezaji wa besiboli, takriban wanane kati ya kumi walirudi kucheza katika kiwango chao cha awali au zaidi. Ni habari njema. Lakini wengi wao walikuwa na mtaalamu wa mazoezi karibu nao na kocha aliyewasubiri, kwa hiyo sehemu ya matokeo hayo huku kwetu inategemea mzazi na mwalimu. Mkuki ni mchezo wenye heshima katika ukanda huu. Zakayo Malekwa aliiwakilisha Tanzania katika kurusha mkuki kwenye Olimpiki tatu, 1980, 1984 na 1988, na Mkenya Julius Yego alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2015 kwa mita 92.72. Mtoto anayewaza majina hayo hataki kusikia neno "subiri", na si vizuri kumcheka.

Kabla ya kurudi kwenye mashindano, mambo haya yawe yametimia yote kwa pamoja: mkono unanyooka na kukunjika sawa na mwenzake, au karibu sawa, nguvu ya kushika na ya bega imerudi, amemaliza hatua zote za kurusha bila maumivu wakati wa kurusha na asubuhi yake, mtindo wake umeangaliwa na mtu anayejua mkuki, na daktari amesema ndiyo. Kalenda peke yake haitoshi. Miezi kumi na miwili ikitimia na mkono bado una nguvu nusu, jibu linabaki lile lile.

Nenda shuleni mapema, kabla timu haijachaguliwa. Walimu wa michezo wengi si watu wabaya. Wana mwanafunzi mmoja anayeweza kufika mkoani, na hakuna aliyewaeleza kano mpya ni nini. Mpe mwalimu nakala ya barua ya daktari na umwambie wazi mwezi ambao mtoto ataruhusiwa kushika mkuki. Mwombe ampe kazi uwanjani wakati huo, kama kupima umbali, kuandika matokeo au kukimbia na wenzake. Kama anapenda riadha kwa ujumla, msimu huu ajaribu mbio za mita 800 au kuruka chini. Wengine hugundua huko kwamba miguu yao ni bora kuliko mkono.

Na akikuuliza tena jioni, mkiwa jikoni, lini atarusha, mwonyeshe kwenye kalenda ukutani. Weka alama kwenye tarehe ya kliniki, kwenye mwezi wa mpira mdogo na kwenye mwezi wa mkuki. Mwache alama za siku zilizopita azifute mwenyewe, kwa mkono ule mwingine.